Kijibwa kinapochafua nyumba nawe uko kazini kutwa

Jirani yangu mmoja hapa Murungu ni mwalimu. Hutoka nyumbani saa 1 kasoro robo asubuhi, akirudi ni saa 11 jioni. Mume wake yuko mbali kikazi. Watoto ni wawili: wa kiume yuko darasa la tatu, na mdogo wake wa kike yuko darasa la kwanza. Mwezi uliopita babu yao wa Kasulu aliwapa mtoto wa mbwa wa rangi ya mchanga, mdogo kiasi cha kuenea kwenye kapu la sokoni. Wakampa jina la Bobi.

Wiki tatu za kwanza hazikuwa na amani. Bobi alifungiwa jikoni kutwa nzima, na kila jioni mwalimu alipokelewa na harufu kabla hajapokelewa na watoto. Dimbwi hapa, kinyesi pale, na siku moja juu ya gunia la mahindi.

"Dada, huyu mnyama ananifanyia makusudi," aliniambia. "Akiniona tu anakimbilia nyuma ya gunia la mkaa. Anajua kosa lake."

Jioni moja nilikuwa nimekwenda kurudisha sufuria yake. Kijana wa darasa la tatu alitangulia jikoni, akamkamata Bobi shingoni, akamkandamiza pua kwenye mkojo, kisha akamchapa kwa fimbo ya kuni. Huku akisema, "Huoni haya? Mkubwa mzima! Kila siku, kila siku!"

Mama yake alisimama mlangoni, mkoba bado uko begani, akanyamaza. Uani, kwenye ua wa miti, lilikuwa limeanikwa godoro la binti yake. Maneno yale alikuwa amemwambia binti asubuhi ile ile. Na binti mwenyewe, aliposikia fimbo, alijibanza nyuma ya mlango.

Tulikaa jioni ile tukapanga mambo upya. Ninaandika mpango huo hapa kwa sababu najua wazazi wengi mna mbwa mdogo nyumbani na hakuna mtu wa kushinda naye. Nitamaliza na lile godoro, maana mambo haya mawili yana undugu.

Saa 10 ni nyingi mno

Tuanze na hesabu. Mtoto wa mbwa huweza kubana mkojo kwa muda unaokaribia umri wake kwa miezi, ukiongeza saa moja. Wa miezi 2 huweza saa 2 au 3. Wa miezi 4 huweza saa 4 au 5. Mwalimu alikuwa anamfungia Bobi, mwenye miezi 2 na kidogo, kwa saa 10. Hata angekuwa mbwa mwenye akili kuliko wote wilayani Kibondo, angekojoa.

Na lile la kujificha nyuma ya mkaa? Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio alilofanya kwa mbwa 14 na wenye mbwa hao. Aliona kwamba ile sura tunayoiita ya "kujua kosa" ilitokea zaidi pale mwenye mbwa alipomkemea, awe amekosa kweli au hakukosa. Mbwa anasoma uso wetu na sauti yetu. Bobi alichokuwa amejifunza ni kwamba dimbwi likiwepo na mtu akiingia, kipigo kinafuata. Kwamba kipigo ni cha mkojo wa saa 7 mchana, hilo haliwezi kumwingia.

Fimbo ilimfundisha jambo moja tu, kujificha. Mbwa anayeogopa watu hatakojoa mbele yako hata ukimtoa nje. Atasubiri mrudi ndani aende nyuma ya gunia. Hapo ndipo watu husema mbwa ni mkaidi. Tusisahau pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama.

Mpe mahali pake

Kwa kawaida mbwa hapendi kuchafua anapolala. Hata akiwa mchanga, mara tu akianza kutembea vizuri, hujikongoja kutoka pale alipolazwa na mama yake ili ajisaidie pembeni. Tabia hiyo ndiyo mtaji wetu. Ukimfungia kutwa kwenye boksi dogo, unamlazimisha achafue kitanda chake, na akishazoea, mtaji umepotea.

Tulitengeneza kizimba chini ya upenu wa jiko, kwa wavu wa kuku na vipande vya mbao, urefu kama hatua tatu na upana hatua mbili. Upande mmoja kuna boksi lenye gunia kavu la kulalia. Upande wa mbali kuna eneo la kujisaidia, tumemwaga udongo na nyasi. Katikati kuna bakuli zito la maji ambalo hawezi kulipindua.

Kwa nini udongo na nyasi, na si matambara? Kwa sababu mbwa huzoea kile anachokanyaga wakati wa kujisaidia. Ukimzoesha matambara, kesho atautafuta mkeka wako. Ukimzoesha udongo na nyasi, siku akiachwa huru atautafuta uani. Kila jioni zoa uchafu, lakini bakiza udongo kidogo wenye harufu yake ili ajue ndipo mahali penyewe.

Usimfunge kamba kutwa nzima. Mtoto wa mbwa hujizungusha mpaka akajinyonga. Na hapa kwetu juu, mvua zikianza, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, hakikisha kizimba kina paa na sakafu yake imeinuka. Mbwa mdogo akilowa hupata baridi haraka, na hataki kwenda kujisaidia mvuani. Chukua mwavuli utoke naye.

Saa za kutoka

Mtoto wa mbwa hujisaidia nyakati zinazojulikana: akiamka, akimaliza kucheza, na dakika chache hadi nusu saa baada ya kula. Kwa hiyo usimwachie chakula kutwa. Akila kwa saa, atatoka kwa saa. Maji yasikosekane wakati wowote. Kumnyima maji ili asikojoe ni ukatili, na kunamletea maradhi.

Ratiba ya nyumba ya mwalimu ni hii:

Saa 11:30 alfajiri, Bobi anabebwa moja kwa moja hadi uani. Anabebwa, haachwi atembee, maana njiani ataishia mlangoni.

Saa 12 asubuhi anakula ugali kidogo na dagaa. Baada ya robo saa anatoka tena, kisha anaingia kizimbani na watu wanakwenda zao.

Saa 6 mchana anakuja bibi wa nyumba ya pili, ambaye siku hizi haendi shamba. Anamtoa, anamlisha, anasubiri, anamtoa tena. Kazi yote ni kama nusu saa. Mwalimu humletea sukari akipokea mshahara, na kijana humchotea maji Jumamosi.

Saa 10 alasiri kijana anarudi shule. Jambo la kwanza, kabla ya kuvua sare, ni kumtoa Bobi.

Jioni anatoka mama akirudi, baada ya chakula cha saa 1, na mara ya mwisho saa 3 usiku. Usiku analala kwenye boksi karibu na mlango, na akilia anatolewa bila mazungumzo marefu.

Mtu wa mchana ndiye nguzo ya mpango wote. Kama humpati, ni afadhali usichukue mtoto wa mbwa wa miezi 2. Chukua aliyekwisha kukua, miezi 6 na kuendelea, au subiri likizo ya Desemba ukae naye wiki kadhaa za mwanzo. Na usikubali kupewa ambaye hajafikisha wiki 8. Bado anamhitaji mama yake.

Mtoto wa darasa la kwanza asiachiwe mbwa peke yake, hata awe mbwa mdogo namna gani. Amsaidie mtu mzima kubeba bakuli, inatosha.

Dagaa mmoja, kwa wakati wake

Ukimtoa, simama mahali pamoja, sema neno moja lile lile. Nyumba ile wanasema, "Haya, uani." Wote waseme hivyo hivyo, mama asiseme hivi na kijana akasema vile. Bobi akimaliza tu kujisaidia, msifu na mpe dagaa mmoja papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukimpa mkisharudi ndani, umemlipa kwa kurudi ndani.

Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake kuhusu usagaji wa chakula tumboni, aligundua kwamba mbwa wake walianza kudondokwa mate kabla hawajaletewa chakula, kwa ishara tu waliyoizoea. Mbwa huunganisha vitu vinavyofuatana kwa karibu. Kipigo cha jioni kiko mbali na mkojo wa mchana. Dagaa wa papo hapo yuko karibu.

Ukimkuta anakojoa ndani, piga makofi mara moja kumshtua kidogo, mbebe hadi uani, amalizie huko, msifu. Ukikuta amekwisha kumaliza, nyamaza. Futa.

Kufuta nako kuna namna. Kausha kwanza kwa tambara, osha kwa maji na sabuni, kisha pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usitumie dawa ya usafi yenye amonia. Kwa pua ya mbwa inafanana na mkojo, na inamwita arudi pale pale. Usimwage jiki juu ya mkojo wala kuichanganya na siki, kwa maana hutoa hewa ya sumu inayochoma macho na kifua. Kama sakafu ni ya udongo, kwangua tabaka la juu lililolowa, tupa, jaza udongo mpya na ushindilie.

Inachukua muda gani? Wengi hutulia kati ya mwezi wa 4 na wa 6 wa umri wao, na wenye maumbo madogo huchelewa zaidi. Bobi, baada ya wiki tatu za mpango huu, bado anakosea mara moja au mbili kwa wiki, hasa siku za mvua. Mwalimu ameacha kuhesabu makosa, anahesabu siku kavu.

Wazee walisema ukicheza na mbwa atakufuata msikitini. Nasi tuna majirani ambao imani yao inawataka wajitenge na mate ya mbwa. Mbwa aliyefundishwa mahali pake hawi kero kwao. Usimruhusu azurure kwenye baraza za watu, na mgeni akija, Bobi akae kizimbani.

Uchafu wenyewe si jambo dogo

Watoto wetu hucheza chini, na kinyesi cha mbwa hubeba minyoo inayowapata wanadamu. Mayai ya mnyoo mmoja wa mbwa yakimezwa na mtoto, viluwiluwi vyake huweza kusafiri mwilini hadi kwenye ini au jicho. Lakini mayai hayo yakitoka kwenye kinyesi hayawi tayari kuambukiza mara moja. Huhitaji kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo. Ndiyo maana kuzoa kila siku na kutupa chooni kunasaidia sana. Usikitupe kwenye bustani ya mchicha. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika mbwa, na wavae viatu uani.

Mtoto wa mbwa apewe dawa ya minyoo tangu mapema na kurudiwa mara kwa mara miezi ya kwanza. Mwone afisa mifugo wa kata akupangie kwa uzito wake. Muulize pia kuhusu chanjo ya parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu. Na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida huanza kwenye miezi 3 na kurudiwa, usiikose. Mbwa aliyekwisha kuzoea uani akianza ghafla kuchafua ndani, usimkasirikie, mpeleke akaangaliwe.

Sasa turudi kwenye godoro

Jioni ile, watoto walipolala, mwalimu aliniuliza, "Na huyu wa kwangu je, naye sijui hesabu yake?"

Nilimwambia ninachokijua. Kukojoa kitandani kwa watoto wadogo ni jambo la kawaida. Kati ya watoto 100 wenye miaka 7, watano hadi kumi bado hukojoa usiku. Mara nyingi ni jambo la ukoo; muulize bibi yako, atakutajia mjomba mmoja. Mtoto amelala, hafanyi kusudi, na wengi huacha wenyewe kadiri wanavyokua.

Yanayosaidia ni ya kawaida: anywe maji ya kutosha mchana badala ya kuyafidia usiku, aende msalani kabla ya kulala, awe na taa na njia isiyotisha, maana choo cha nje gizani hata mkubwa kinamtisha. Choo kigumu kinazidisha, kwa hiyo ale mboga na matunda. Asubuhi abadilishe shuka pamoja na mama, bila hotuba. Wala godoro lisianikwe mahali ambapo wenzake wanaokwenda shule watalicheka.

Mpeleke kituo cha afya kama alikuwa amekauka kwa miezi 6 au zaidi kisha akaanza tena, kama anasikia maumivu akikojoa, kama analowa hata mchana, au kama ana kiu isiyoisha na anapungua mwili. Hayo huweza kuwa dalili za ugonjwa, kama maambukizi ya njia ya mkojo au kisukari.

Kipigo hakikaushi godoro. Kinamfundisha mtoto kukunja shuka lililolowa na kulificha chini ya kitanda, kama Bobi na gunia lake la mkaa.

Na kuficha kunaweza kuua. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu wote hufa. Duniani, karibu wagonjwa wote huambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa ya wanaopatwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini kinazuilika kabisa kama jeraha litaoshwa mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu akawahi hospitali kupata sindano. Jeraha ni jeraha hata likiwa mkwaruzo, na mbwa mdogo naye huweza kuwa na kichaa. Kama mbwa aliyeuma anajulikana, afungwe salama aangaliwe kwa siku 10, lakini matibabu ya mtoto hayasubiri siku hizo kwisha. Mtoto anayeogopa fimbo hasemi kwamba ameumwa. Anasema ameanguka.

Jumanne iliyopita kijana wa mwalimu alirudi kutoka kisimani akikimbia, ameshika mguu. Mbwa wa njiani, asiyejulikana mwenyewe, alikuwa amemuuma kidogo juu ya kifundo. Alifika mbele ya mama yake akasema, "Mama usinipige, mbwa kaniuma."

Mama hakuuliza alikuwa anamchokozea nini. Alikaa naye bombani, sabuni mkononi, nami nikiangalia saa mpaka dakika 15 zikatimia. Usiku huo huo walikuwa njiani kwenda hospitali, na sindano za kwanza amekwisha pata. Zilizobaki tarehe zake zimeandikwa ukutani jikoni, kwa chaki, juu ya gunia la mkaa.

Mwalimu anasema neno moja limemkaa rohoni. Kijana alisema ukweli, lakini alianza na "usinipige." Fimbo ya kuni imekwisha ingia mekoni. Hilo neno, anasema, litachukua muda zaidi.